Jinzi kuukuu zimepanda thamani: nani huchagua kabla belo halijafika mnadani?

Wauza mitumba wengi wana malalamiko yanayofanana siku hizi. Belo la jinzi la daraja la kwanza limepanda bei, lakini likikatwa kamba, ndani yake suruali nzito na ngumu ni chache. Nyingi ni nyepesi, zinavutika kama mpira, na baada ya msimu mmoja wa shamba zimechanika magotini. Mnunuzi naye anamlaumu muuzaji kwamba ameficha nguo nzuri, na muuzaji anamlaumu mwenye ghala.

Ukweli ni kwamba mara nyingi nguo nzuri ilikwisha kuondolewa kabla belo halijafungwa. Huko Marekani, Japani na Ulaya, wanaume wengi wanatafuta mavazi ya kazi ya zamani: jinzi ngumu, jaketi za jinzi, mashati mazito ya pamba, buti za ngozi. Wanayaita mavazi ya urithi, na wako tayari kuyalipia zaidi ya nguo mpya ya dukani.

Katika makala hii tunaeleza jambo hilo lilianzaje, belo hupita mikononi mwa nani, na linahusiana vipi na mjadala unaorudi kila mara katika nchi zetu: je, mitumba ipigwe marufuku? Tutaitazama pia Japani, ambayo nayo iliijua jinzi kwanza kama mtumba, ikaishia kuwa miongoni mwa watengenezaji bora wa kitambaa hicho duniani.

Suruali ya kazi tangu mwanzo

Jinzi ilianza kama nguo ya kibarua. Katika miaka ya mwanzo ya 1870, fundi cherehani mmoja aitwaye Jacob Davis, mzaliwa wa Riga aliyehamia Marekani, alikuwa anashona katika mji wa Reno, jimbo la Nevada. Wateja wake walikuwa watu wa kazi ngumu, na tatizo lao lilikuwa moja: mifuko ya suruali ilikuwa inachanika kwa uzito wa vitu wanavyobeba. Davis akagonga ribiti, yaani vile vishikizo vidogo vya shaba, kwenye kona za mifuko. Suruali zikadumu, na oda zikamzidi nguvu.

Hakuwa na fedha za kutosha kulinda wazo lake, kwa hiyo alimwandikia mfanyabiashara aliyekuwa anamuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco. Wakashirikiana, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza ya serikali, yaani haki ya wao peke yao kutengeneza suruali za namna hiyo. Haki hiyo ilipokwisha mwaka 1890, viwanda vingine vikaruhusiwa kuiga. Ndiyo maana leo ribiti zipo kwenye jinzi ya karibu kila kampuni.

Kitambaa chenyewe kilikuwa na historia ndefu zaidi. Jina la denim hutajwa kutokana na mji wa Nîmes nchini Ufaransa, na la jinzi kutokana na mji wa bandari wa Genoa nchini Italia. Neno dangirizi, ambalo wazee wetu wanalijua, linatokana na Dongri, eneo la Mumbai nchini India lililojulikana kwa kitambaa kizito cha pamba.

Sisi pia tuna kumbukumbu zetu. Katika karne ya 19, meli kutoka mji wa Salem, Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa imara cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani. Kilisafirishwa na misafara hadi bara na kikatumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata pamba, wafanyabiashara wa Uingereza na India wakachukua nafasi. Na kaniki, nguo ya bluu nzito inayokaribia weusi ambayo bibi zetu waliivaa shambani, ilikuwa inatiwa nili, rangi ileile ya jinzi. Nguo ngumu ya pamba yenye rangi ya nili si jambo geni kwetu.

Kwa nini iliyochakaa inapendwa

Siri ya jinzi iko katika namna inavyotiwa rangi. Nyuzi za mtande, zile zinazonyooshwa kwa urefu, hukusanywa pamoja kama kamba nene, kisha huchovywa ndani ya nili na kutolewa hewani, mara nyingi mfululizo. Zikitoka kwenye pipa huwa na rangi ya kijani na manjano, na hugeuka bluu zikiguswa na hewa. Rangi hukaa juu ya uzi bila kufika kwenye kiini chake. Nyuzi za mshindio, zinazopita upana, huachwa nyeupe. Ndiyo maana jinzi ndani ni hafifu kuliko nje.

Matokeo yake ni kwamba kila unapopiga goti, kila unapoingiza mkono mfukoni, bluu kidogo inatoka na weupe wa kiini unaonekana. Suruali ya seremala hufifia tofauti na ya dereva. Kwa wakusanyaji, alama hizo ni kama saini ya mtu aliyeivaa.

Jambo la pili ni mashine. Zamani kitambaa cha jinzi kilikuwa kinafumwa kwa mashine nyembamba na za polepole, zilizorusha kigurudumu cha uzi huku na huku. Kitambaa kilitoka na ukingo uliofungwa vizuri pande zote mbili, mara nyingi ukiwa na uzi mwekundu. Baadaye viwanda vikaleta mashine pana na za kasi, kitambaa kikawa rahisi, na ule ukingo ukatoweka kwenye jinzi za kawaida. Anayekunja suruali yake leo ili ukingo huo uonekane anataka watu wajue amevaa kitu cha zamani, au kilichotengenezwa kwa njia ya zamani.

Mwaka 2022, jinzi ya Levi's ya miaka ya 1880, iliyokutwa kwenye mgodi uliotelekezwa huko Marekani, ilipigwa mnada kwa dola 76,000. Pamoja na ada ya mnada, wanunuzi walilipa zaidi ya dola 87,000. Ndani ya mfuko wake palikuwa na maandishi ya kujisifu kwamba imetengenezwa na wafanyakazi weupe peke yao. Yalikuwa matangazo ya wakati ambapo Wachina walikuwa wanafukuzwa kazini na kuzuiwa kuingia nchini humo. Tunalitaja hilo kwa sababu neno urithi likitamkwa dukani hupambwa sana, na historia hiyo haikuwa safi kama bango la tangazo.

Tamaa ya kuonekana mzee imeleta madhara mengine pia. Viwanda viliamua kuzichakaza jinzi mpya kwa makusudi. Njia moja ilikuwa kuzipiga mchanga kwa mashine ya upepo. Nchini Uturuki, vijana waliofanya kazi hiyo walivuta vumbi la mchanga na wengi wakapata ugonjwa wa mapafu usio na tiba, kama ule unaowapata wachimbaji wa madini. Serikali ya Uturuki ilipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Kwa hiyo jinzi yenye magoti meupe huenda haikuchakazwa na kazi hata siku moja.

Belo hupita mikononi mwa nani

Mtu wa Marekani au Ulaya akitoa nguo zake kwa shirika la hisani, watu wengi hapa hudhani zinafungwa na kutumwa moja kwa moja. Sivyo. Hatua ni nyingi, na kila hatua kuna mtu anayechagua.

Kwanza ni dukani kwa shirika lenyewe, ambako nguo nzuri huwekwa kwenye rafu na kuuzwa hapohapo. Huko ndiko wawindaji wa nguo za zamani huingia asubuhi na mapema. Tangu biashara ya nguo zilizovaliwa ihamie kwenye simu, hata mtu wa kawaida anajua thamani ya jinzi ya baba yake. Badala ya kuitoa sadaka, anaipiga picha na kuiuza mwenyewe.

Zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa makampuni ya kuchambua. Baadhi yapo Ulaya na Marekani kwenyewe. Mengine yapo Karachi nchini Pakistani, Kandla nchini India, na Sharjah katika Falme za Kiarabu. Huko wafanyakazi hutenganisha nguo kwa aina na ubora: jinzi za wanaume, jinzi za wanawake, masweta, makoti, nguo za watoto. Nguo za kale zenye soko Japani au Ulaya huwekwa kando na kupelekwa huko. Zilizochakaa kabisa hukatwa kuwa matambara ya kufutia mashine au kusagwa kuwa pamba ya magodoro. Zilizo katikati ndizo zinazofungwa mabelo, ambayo wengine huyaita marobota, mengi yakiwa ya kilo 45, na kupakiwa melini kuja Mombasa na Dar es Salaam.

Hapa nako uchaguzi unaendelea. Gikomba jijini Nairobi, belo likifunguliwa, wateja wa kwanza huchukua zile zinazoitwa kamera, yaani bora kabisa, na wengi wao ni wenye maduka ya mjini. Mwisho kabisa hubaki fagia, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Dar es Salaam, Ilala na Manzese hali ni hiyohiyo, na Owino jijini Kampala vilevile. Mfanyabiashara wa mnada wa kijijini mara nyingi ananunua kilichopita mikono hii yote.

Ukiujua mlolongo huu, utaona kwa nini si haki kumlaumu machinga peke yake. Anapolipia belo hajui kilichomo, na hasara ikitokea ni yake. Bei ya juu anayoitaja kwa ile jinzi moja ngumu inabeba gharama ya suruali nyingine nyingi ambazo atalazimika kuziuza kwa hasara.

Japani ilianza na mitumba

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilikuwa maskini na miji yake imeungua. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa wanaikalia nchi hiyo waliuza nguo zao, na zikafika kwenye masoko ya uchochoroni kama Ameyoko, Tokyo. Vijana wa Kijapani waliijua jinzi kwa njia hiyo: kama nguo iliyovaliwa na mgeni, ya bei ya kubana, ambayo haikuwa na saizi yao. Kwa maneno mengine, kama mtumba.

Katika mji wa Kojima, wilaya ya Okayama, palikuwa na viwanda vingi vya kushona sare za shule. Miaka ya 1960, vitambaa vya nailoni na jamii yake vilianza kuiondoa pamba kwenye sare, na viwanda hivyo vikahangaika kutafuta kazi nyingine. Kimoja, Maruo, kilianza kushona jinzi mwaka 1965. Kitambaa hawakuwa nacho, wakaagiza Marekani. Vyerehani vyao havikuweza kupenya unene ule, wakaagiza mashine za Kimarekani. Hata zipu na ribiti zilitoka nje.

Kisha wakapunguza utegemezi kipande kwa kipande. Kampuni ya Kaihara, iliyoanza mwaka 1893 kwa kutengeneza vitambaa vya jadi vya nili, ilijenga mashine yake ya kutia nili nyuzi za jinzi mwaka 1970. Kampuni ya Kurabo ilitoa kitambaa cha kwanza cha jinzi cha Kijapani mwaka 1973. Zipu nazo zikapatikana nyumbani: ukitazama zipu ya suruali yako huenda ukakuta herufi YKK, na hiyo ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934.

Mwishoni, mambo yakageuka. Wafanyabiashara wa Kijapani walizunguka Marekani wakinunua jinzi kuukuu kwenye maghala na maduka ya vijijini, na viwanda vya Japani vikafufua mashine za zamani. Kiwanda cha White Oak huko Greensboro, North Carolina, kilichofungua milango mwaka 1905 na kuwa maarufu kwa kitambaa cha jinzi chenye ukingo, kilifungwa mwisho wa 2017. Leo Mmarekani anayetaka jinzi ya urithi wa nchi yake mara nyingi anavaa kitambaa kilichofumwa Japani.

Mitumba iliwafundisha Wajapani kuipenda jinzi. Kilichowawezesha kuitengeneza ni kwamba tayari walikuwa na mafundi, viwanda vya sare, ujuzi wa nili, umeme, na wateja wa nyumbani wenye fedha mkononi.

Afrika Mashariki: marufuku iliyoanza na kurudi nyuma

Mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Lengo lilikuwa kufufua viwanda vya nguo.

Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao. Kilitaka nchi zetu ziondolewe kwenye AGOA, mpango ulioanza mwaka 2000 unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vingi vinavyouza nguo Marekani, ilijitoa mapema kwenye marufuku. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza.

Rwanda peke yake ilisimama. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Ukipiga hesabu, belo la kilo 45 lililotozwa dola 9 likawa linatozwa zaidi ya dola 112. Tarehe 30 Julai 2018, Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo kutoka Rwanda. Nguo zilikuwa sehemu ndogo tu ya mauzo ya Rwanda huko, na hilo liliirahisishia kuvumilia. Kwa Kenya, gharama ingekuwa kubwa mno.

Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitangaza tena marufuku, akisema nguo hizo ni za wazungu waliokufa. Wazo hilo si geni: hapa Tanzania mitumba iliwahi kuitwa kafa Ulaya. Wafanyabiashara wa Owino walilalamika vikali, na tangazo hilo halikulifunga soko.

Je, ni kweli mitumba iliua viwanda? Mchumi Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto alichapisha utafiti mwaka 2008 uliotazama nchi za Afrika kati ya 1981 na 2000. Alikadiria kuwa mitumba inaeleza takriban asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo. Hiyo ni sehemu kubwa, na anayesema mitumba haikuwa na madhara yoyote hasemi kweli. Lakini asilimia 60 iliyobaki ina sababu nyingine. Waliofanya kazi Mwatex, Mutex au Urafiki nchini Tanzania, au Kicomi na Rivatex nchini Kenya, wanazijua: umeme wa kukatika, mashine zilizochoka bila vipuri, madeni, usimamizi mbovu, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia.

Nguo hizo mpya za Asia ndizo zinazosahaulika kwenye mjadala. Mtumba ukizuiwa kesho, mnunuzi wa kijijini hatakimbilia nguo ya kiwanda cha nyumbani ambayo haipo sokoni. Atanunua jinzi mpya nyepesi iliyoagizwa kutoka nje.

Jinzi tayari tunazishona

Wengi hawajui kwamba jinzi zinashonwa Afrika Mashariki sasa hivi. Athi River nchini Kenya kuna viwanda vinavyoshona suruali kwa ajili ya makampuni makubwa ya Marekani. Katika eneo maalumu la Benjamin Mkapa, Mabibo, Dar es Salaam, jinzi nazo hushonwa kwa soko la nje. Zikikamilika hupakiwa kwenye makontena na kuondoka. Inawezekana kabisa suruali iliyoshonwa na binti wa Machakos ikavaliwa Chicago miaka mitatu, kisha ikarudi Mombasa ndani ya belo na kuuzwa kwa shangazi yake.

Viwanda hivyo vimeajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana waliotoka vijijini. Lakini viko juu ya nguzo moja, nayo ni ushuru wa nchi ya mbali. Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa na Afrika Kusini na inayosifika kwa kushona jinzi, iliona hilo mwaka 2025. Mwezi Aprili Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa zake. Oda zikasitishwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na mwezi Julai serikali ikatangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Agosti ushuru ukashushwa hadi asilimia 15, lakini mnunuzi aliyekwisha kuhamishia oda nchi nyingine harudi kwa siku moja. Kisha tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA wenyewe ukafika mwisho bila kuongezwa, na viwanda vya Kenya na Tanzania vikajikuta vinapanga kazi bila kujua bei ya kesho.

Hesabu ya mkulima wa pamba

Kwa msikilizaji wa Simiyu, Shinyanga, Mwanza au Busia, jambo hili linaanzia shambani. Jinzi nzito ya mtu mzima kwa kawaida haifiki kilo moja. Kilo moja ya pamba nyuzi hutokana na takriban kilo tatu za pamba mbegu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito unaopimwa kwenye mizani ni mbegu.

Chukua bei uliyouzia kilo moja msimu uliopita, uizidishe mara tatu. Hapo umepata thamani ya pamba yote iliyomo ndani ya suruali moja. Sasa linganisha na bei ya jinzi ya mtumba mnadani kwenu, halafu na bei ya mpya dukani mjini. Tofauti hiyo ndiyo kusokota, kutia rangi, kufuma, kukata, kushona, kusafirisha na faida. Karibu yote yanafanyika mbali na shamba lako, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa nyuzi tu, mara baada ya kutoka kwenye vinu vya kuchambulia.

Tunavyoona sisi, hapa ndipo mjadala ulipaswa kuwa. Ushonaji tunao. Pamba tunayo. Katikati kuna pengo la kusokota, kutia rangi na kufuma, na pengo hilo ndilo linalohitaji mtaji mkubwa, maji na umeme wa uhakika. Marufuku ya mitumba haizibi pengo hilo. Inaweza kusaidia pale tu ambapo kiwanda kipo na kinahitaji soko, kama Kojima ilivyokuwa na sare zake za shule. Na soko la sare tunalo: kila Januari mamilioni ya wazazi katika Afrika Mashariki wananunua sare za shule. Serikali inayotaka kuanza na hatua ndogo inayopimika inaweza kuanzia hapo, kabla ya kumnyang'anya machinga mtaji wake.

Ukifika mnadani, tazama haya

Wakati wakubwa wanajadiliana, wewe bado unahitaji suruali ya kudumu. Mambo machache yatakusaidia kuchagua.

Soma kitambulisho cha ndani. Neno cotton maana yake ni pamba. Ikiwa imeandikwa 100% cotton, hiyo ni pamba tupu. Ukiona elastane au spandex, ina nyuzi za mpira: huvaliwa kwa raha, lakini mpira hulegea kwa jua na kufuliwa mara nyingi. Kama kitambulisho kimekatwa, ivute kwa upana kwa mikono miwili. Isiyovutika huenda ni pamba tupu.

Ishike kuelekea kwenye mwanga, hasa magotini, kwenye makalio na katikati ya miguu. Mwanga ukipenya, kitambaa kimekwisha. Magoti meupe si tatizo kama unene bado upo, kwani huenda yamechakazwa kiwandani.

Geuza suruali ndani nje, uangalie mshono wa nje wa mguu. Ukikuta ukingo safi uliofumwa, wenye uzi wa rangi na usio na nyuzi za kuning'inia, umeokota kitu adimu. Kwa Levi's, tazama kile kitambaa kidogo chekundu kwenye mfuko wa nyuma. Hadi mwaka 1971 jina lote liliandikwa kwa herufi kubwa, hata E. Si ushahidi kamili, kwa sababu kampuni yenyewe hutengeneza matoleo mapya yanayoiga ya zamani, lakini ukiiona usiiuze haraka kwa bei ya suruali ya kulimia.

Fikiria pia msimu. Juni hadi Agosti, baridi ikiwa kali Njombe, Makete, Lushoto, Limuru na Kinangop, makoti, masweta na jaketi za jinzi zilizowekewa manyoya hupanda bei kwa sababu kila mtu anazitaka. Nguo hizohizo Desemba, joto likiwa juu, hukaa kwenye lundo bila mnunuzi. Mwenye nafasi anunue koti la baridi wakati wa joto, na anayefanya biashara ajue mabelo ya makoti yanahitaji kuwa mkononi kabla ya Mei.

Mwisho, mthamini fundi cherehani wa kijijini. Jinzi ya pamba tupu iliyochanika goti, ikiwekwa kiraka kwa ndani na kushonwa mara mbili, inaweza kulima misimu mingine kadhaa. Huko Japani na Marekani, jinzi zilizotiwa viraka kwa mkono ni miongoni mwa zile zinazotafutwa.

Mjadala wa mitumba utarudi, pengine kwenye bajeti ijayo, pengine kwenye kampeni. Ukimsikia kiongozi anaahidi kuifunga, muulize: pamba yetu itasokotwa wapi, kwa umeme upi, na jinzi ya kwanza ya kiwanda hicho itauzwa shilingi ngapi kwenye mnada wetu? Na ukimsikia mwingine anaitetea, muulize mkulima wa pamba ataendelea kuuza nyuzi tupu hadi lini. Majibu mtakayopewa, tuletee tuyajadili pamoja hewani.